Askari wa Damu na Ugonjwa wa Malale

Chonyonyo iko katika Karagwe, nchi ya migomba na ng'ombe; na adui mkubwa wa ng'ombe wakaao karibu na pori ni mbung'o. Inzi huyu, akitua, hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine kama visu vya mkasi. Akimwuma mtu huweza kumtia malale. Mwaka 1907 palikuwa na kambi ya wagonjwa wa malale huko Kigarama, katika Kiziba, kaskazini ya Bukoba.

Vijidudu vya malale huogelea katika damu. Damu ina askari wake, ndizo chembe nyeupe. Askari hawa humtambua adui kwa vazi lake, wakamwua. Lakini wachache kati ya vijidudu hubadili vazi, wakazaana upya, na vita huanza tena. Ndiyo sababu homa hupoa, kisha hurudi.

Mwishowe vijidudu huingia katika ubongo, na askari huvifuata. Huko hujikusanya kwa wingi kuizunguka mishipa ya damu, na ubongo huvimba. Basi mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, akili yake huchafuka, naye asipotibiwa hufa. Hayo si kazi ya vijidudu peke yao. Vita vyenyewe huiharibu nyumba inayopiganiwa.

Daktari hujuaje kwamba vita vimefika kichwani? Hutoa maji kidogo ya uti wa mgongo kwa sindano, akayatazama kwa darubini. Katika maji hayohayo Daktari Castellani aliona vijidudu huko Entebbe, Uganda, mwaka 1902. Daktari huhesabu pia askari: wakizidi 5 katika tone lenye milimita 1 kila upande, ubongo umekwisha kuguswa.

Hesabu hiyo ilikuwa jambo la kufa na kupona. Tangu mwaka 1949 wagonjwa wa namna hiyo walitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye sumu ya arseniki. Katika wagonjwa 100, 5 hata 10 walishikwa na uvimbe mkali wa ubongo kwa ajili ya dawa yenyewe, na karibu nusu yao walikufa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri feksinidazoli kwa malale ya Afrika ya Mashariki. Hiyo humezwa siku 10, tena pamoja na chakula.