Kujifunza Kutazama: Somo kutoka Jumba la Sanaa la Makerere



Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka Tanzania, Kenya na nchi jirani hukusanyika Namugongo kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda. Wengi wetu tukiwa Kampala hufika pia Rubaga, hununua rozari, kisha hupanda basi la kurudi. Leo tunapendekeza tuongeze saa moja kwenye kilima cha Makerere, ambako chuo kikuu kina jumba dogo la sanaa.

Tukiri kosa letu. Mara ya kwanza tulipita humo kama watu wanaokimbilia gari. Tulipiga picha kwa simu, tukatoka. Jioni tulipoulizana tumeona nini, hakuna aliyeweza kueleza mchoro hata mmoja. Somo hili limetokana na aibu hiyo.

Kwa nini seminari ijali sanaa?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 129, unaagiza kwamba wakleri, wanapochukua masomo ya falsafa na teolojia, wafundishwe pia historia ya sanaa takatifu na misingi yake. Sababu tunaiona parokiani. Frateri wa leo ndiye paroko wa kesho; ataamua picha gani iwekwe kanisani, nani apewe kazi ya kuichora, na ipi iondolewe. Waamini wataisali mbele ya picha hiyo miaka hamsini. Namba 123 inaongeza kwamba Kanisa halikuchagua mtindo mmoja kuwa wake. Sanaa ya kila taifa ina nafasi, mradi itumikie ibada kwa heshima inayostahili.

Fundisho hili lina mizizi ya kale. Karibu na mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja sanamu kanisani. Alimsifu kwa kuwazuia watu wasiziabudu, lakini alimkemea kwa kuzivunja, kwa sababu asiyejua kusoma kitabu husoma ukutani.

Shule iliyoanzia barazani

Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani pa nyumba yake. Darasa hilo likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake. Miongoni mwa waliopita hapo ni wana wawili wa Kilimanjaro. Sam Ntiro wa Machame, ambaye baada ya Uhuru alikuwa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza, alichora maisha ya kijijini: migomba, ng'ombe, watu wengi wadogo wakifanya kazi pamoja. Elimo Njau wa Marangu alichora, mwaka 1959, michoro mitano ya maisha ya Kristo katika kanisa la Kianglikana huko Murang'a, Kenya. Humo Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ile ile ambayo waamini wanaiona wakitoka mlangoni. Njau alijulikana kwa kuwaonya wasanii wasinakili kazi za wengine, akisema kunakili humlaza Mungu usingizi.

Namna ya kutazama

Maonyesho hubadilika, hivyo kila mmoja atakuta yake. Udogo wa jumba ni neema: hakuna haja ya kukimbia. Tufuate hatua hizi, zinazofanana na Lectio Divina.

Kwanza, zima simu, zunguka mara moja kimya, kisha chagua kazi moja tu.

Pili, simama mbele yake dakika kumi. Taja unachokiona kabla ya kutafuta maana: rangi, mikono, nani anamtazama nani, wapi pameachwa wazi.

Tatu, jiulize kazi hiyo inakugusa wapi. Hata kama inakuudhi, usiondoke haraka.

Nne, soma kibandiko mwishoni, si mwanzoni, jina la msanii lisije likakutazamia.

Tano, sali kwa maneno machache. Kazi isiyo ya kidini nayo yaweza kutufundisha kusali. Anayejifunza kutazama uso uliochorwa kwa dakika kumi ataweza pia kumtazama mgonjwa bila kuangalia saa.

Tukirudi nyumbani

Katika Kutoka 31, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake, ili afanye kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Bezaleli wetu yuko wapi? Pengine ni kijana wa kigangoni anayechora mabango ya duka, huku sisi tukiagiza sanamu za plasta kutoka mbali. Hatusemi sanamu hizo ni mbaya. Wazazi wetu walisali mbele yake na wakapata faraja. Lakini kama kijana huyo hajawahi kuombwa hata mara moja, kipaji alichopewa na Mungu tumekifukia sisi.

Maswali ya kutafakari

1. Ni picha gani ya kanisani kwenu unayoweza kuieleza ukiwa umefumba macho?
2. Nani aliitengeneza, na nani aliichagua?
3. Ni nani mwenye kipaji katika jumuiya yenu ndogo ndogo, na lini mtamwomba?