Ndege Ndogo Iliyozaliwa na Glaida

Mara hii somo letu ni juu ya ndege ya watu wawili. Msicheke, tutafika.

Hebu tumtazame mwewe. Akishapanda, hapigi mabawa ovyo. Anayatandaza tu, na hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini inambeba. Glaida ni hivyo hivyo. Haina injini, mabawa yake ni marefu na membamba, huvutwa juu kwa kamba halafu ikaachiliwa. Wajerumani waliishika sana kazi hii kuanzia 1920, kule mlima Wasserkuppe, kwani mkataba wa Versailles wa 1919 uliwabana kwa ndege za injini.

Mwaka 1980 ilirushwa glaida ya viti viwili iliyotiwa injini, jina lake Dimona. Mabawa yake ni mita 16 toka ncha hadi ncha. Injini ikizimwa kilomita moja juu, yaweza kuteleza karibu kilomita 27 kabla ya kugusa chini.

Lakini mita 16 ni taabu! Kibanda cha kuiweka kitakuwa kikubwa namna gani? Basi kutokana na hiyo Dimona mafundi wakatengeneza nyingine ya majaribio, LF 2000, ikaruka 1991. Baada ya kujaribiwa iliuzwa kwa jina la Katana, na baadaye ikaundwa Canada pia. Mabawa yalifupishwa hadi karibu mita 11. Injini ya Rotax, nguvu za farasi 80, inakubali petroli ya gari. Mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega.

Kufupisha kuna gharama: kwa kilomita moja ya juu, sasa ni kama 14 tu za mbele. Hata hivyo sisi twaona hesabu yao ilikuwa nzuri. Mwanafunzi akizimikiwa na injini mita 500 juu, bado ana kama kilomita 7 za kutafuta mahali wazi, ikiwa upepo haumpingi. Hapo ndipo roho mbili zinapookolewa.

Kwenye mkutano wenu, kunjeni ndege mbili za karatasi zenye ukubwa sawa, moja ya mabawa marefu membamba, nyingine mafupi mapana. Mtu mmoja asimame juu ya kiti, aziachilie polepole, mara tano kila moja. Pimeni kwa hatua, karani aandike.