SOMO: Kuchagua banda la nje la sungura wa kuzalisha katika baridi ya milimani



Sungura jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na kwa uzazi mmoja anaweza kupata watoto sita, saba au zaidi. Kwa familia ya kambini hiyo ni nyama ya watoto, au pesa ya sabuni na madaftari. Lakini katika vilima vya Mibirizi na sehemu nyingine za juu za Rusizi, uzazi mzima unaweza kufa usiku mmoja. Mara nyingi sababu si ugonjwa, ni banda.

1. Adui ni nani?

Sungura mkubwa ana manyoya mazito. Baridi kavu haimsumbui sana. Nyuzi 15 hadi 20 zinamfaa. Joto kali ndilo humdhuru, na ndiyo maana wafugaji wa bonde la Bugarama hutafuta kivuli kwanza. Huku juu tuna maadui wawili: unyevu, na upepo unaopenya. Sungura aliyelowa na kupigwa na upepo huanza kupiga chafya, kisha mapafu huugua.

Mtoto mchanga ni tofauti. Huzaliwa uchi, macho yamefumba, wala hawezi kujipasha joto peke yake. Ndani ya kiota anahitaji nyuzi 30 au zaidi.

2. Tuchague lipi?

a) Uzio wa chini. Ni rahisi, lakini mvua ya masika na ya vuli huloweka udongo. Sungura hukaa juu ya kinyesi chao, hupata ugonjwa wa kuhara, na panya hula watoto.

b) Ndani ya nyumba mnamolala. Kuna joto, lakini mkojo wa sungura hutoa hewa kali ya amonia. Huumiza macho na kifua cha sungura, na cha watoto wenu pia. Tunawaomba msilichague.

c) Kizimba kilichoinuliwa nje. Hiki ndicho tunachokishauri. Kabla ya kujenga, uliza viongozi wa kambi mahali panaporuhusiwa, mbali na bomba la maji na pasipoziba njia kati ya nyumba.

3. Kizimba kizuri kikoje?

- Kimo: sakafu iwe mita 1 hivi kutoka ardhini, juu ya miguu imara ya mikaratusi.
- Nafasi: jike mmoja kizimba kimoja, urefu sentimita 90, upana 60, kimo 50. Dume akae peke yake. Jike hupelekwa kwake, kisha hurudishwa.
- Sakafu: fito laini za mianzi, zikiachana kama sentimita 1 na nusu ili kinyesi kianguke. Nafasi kubwa zaidi huvunja miguu ya watoto.
- Kuta: ziba pande tatu kwa mbao, mianzi au udongo. Upande wa nne, wenye mlango, uwe wa wavu na uelekee mashariki ili jua la asubuhi liingie. Kama upepo wa kwenu hutoka mashariki, geuza.
- Paa: lijitokeze sentimita 30 kila upande. Nyasi huhifadhi joto kuliko bati. Ukitumia bati, weka nyasi chini yake, maana usiku bati hupoa na kudondosha maji.

Usifunike kizimba chote kwa turubai. Hewa chafu na unyevu vitabaki ndani. Na turubai ya nyumba yenu ibaki juu ya watoto wenu.

4. Kiota

Siku ya 27 au 28 ya mimba, ingiza sanduku la mbao: urefu sentimita 45, upana 30, kimo 30. Mlango uanze sentimita 15 kutoka chini, ili mtoto asitambae nje. Toboa matundu madogo chini, na jaza nyasi zilizokaushwa vizuri juani. Jike atang'oa manyoya yake na kutandika. Kila siku, ukiwa umenawa mikono, toa nyasi zilizolowa na watoto waliokufa.

Mama huingia kunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, usidhani amewatupa. Ukikuta mtoto amepoa nje ya kiota, mpashe joto mikononi hadi acheze, kisha mrudishe kwa wenzake.

5. Jaribu kabla ya kuweka sungura

Jioni yenye upepo, shika kijiti kinachofuka moshi ndani ya kizimba. Moshi ukipanda taratibu na kutoka juu, ni vizuri. Ukikimbia upande mmoja, ziba penye upenyo. Moshi ukisimama tu, ongeza nafasi ya hewa chini ya paa. Sungura wakishaingia, inamisha kichwa humo kila asubuhi. Macho yakikuwasha, safisha leo hii.

KUMBUKA: Nawa mikono kwa sabuni kila ukishika sungura au kinyesi. Kinyesi kiende kwenye shimo la mbolea.

Maswali ya kujadiliana na majirani:
1. Kwa nini baridi kavu si hatari kama unyevu?
2. Upepo wa kwetu hutoka upande gani usiku?
3. Ni vifaa gani tunavyo tayari bila kununua?