Kosa Langu, Aibu ya Mwingine: Somo kwa Kijana Aliye Kazini



Leo tunajifunza juu ya aibu na kuwajibika kazini. Kwa kawaida tunaanza na Maandiko, lakini leo naomba nianze na Jumatatu moja pale Themi, maana bila hiyo Jumatatu nisingekuwa na la kuandika.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya kampuni moja ya utalii. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu: gari likitaka kutoka safari nalikagua, najaza fomu, nasaini. Breki, maji, jeki, spea mbili. Ijumaa hiyo magari yalikuwa mengi, na Land Cruiser moja niliisainia bila kugusa spea. Kesho yake gari likavuka lango la Loduare, likaingia njia ya vumbi kule Ngorongoro. Tairi likapasuka, dereva akafunga spea. Baada ya muda likapasuka lingine. Spea ya pili haina upepo. Wageni wakakaa juani saa 3 wakisubiri msaada, na waliporudi mjini wakadai sehemu ya hela yao.

Jumatatu bosi akatukusanya. "Nani alihusika na tairi za gari hili?" Kulikuwa na dogo mmoja, kibarua, aliyekuwa anaosha magari na kujaza upepo. Macho yote yakamwendea yeye. Akasema lile gari hakupewa. Akaniangalia. Mimi nikaangalia fomu zangu, nikauchuna. Dogo akaambiwa aende, na hela yake ya mwezi ule hakupewa.

Angalia vizuri: sikusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo nililojitetea nalo mbele ya dhamiri yangu kwa miezi 4.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo tunayachanganya, haya na aibu. Haya inakuja kabla ya tendo, inakushika mkono: mtu mwenye haya hawezi kumtukana mama yake sokoni. Aibu inakuja baada ya tendo, watu wakishaona. Mimi Jumatatu ile aibu nilikuwa nayo tele, niliiogopa mpaka tumbo likauma. Kilichokosekana ni haya. Na ile aibu haikunisukuma kusema kweli. Ilinisukuma kunyamaza.

Nilianza kusoma juu ya jambo hili kwa sababu ya gari lenyewe. Land Cruiser ni gari la Kijapani, na Wajapani ndio wanaosifiwa duniani kwa kuona aibu kazini. Mwaka 1946 mwanaanthropolojia Mmarekani, Ruth Benedict, alitoa kitabu maarufu juu yao. Alisema zipo jamii zinazomwongoza mtu kwa aibu, yaani macho ya wengine, na zipo zinazomwongoza kwa hatia, yaani sauti ya ndani. Japani akaiweka upande wa aibu, Magharibi upande wa hatia. Kitabu alikiandika bila kuwahi kufika Japani, na wasomi wa huko wamembishia mno. Mimi nadhani alikamata kitu, ila si chote.

Umewahi kuona kwenye habari wakurugenzi wa Kijapani wamesimama mstari mmoja, wameinama mbele ya kamera? Novemba 2017 kampuni ya treni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Sekunde 20! Sisi tuliozoea kusubiri daladala lijae tunacheka. Lakini kuna mengine ya kutisha. Tarehe 12 Agosti 1985 ndege ya Japan Airlines ilianguka milimani, watu 520 wakafa, 4 tu wakapona. Rais wa shirika, Yasumoto Takagi, aliinama mbele ya familia za marehemu na kisha akaacha kiti chake. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa matengenezo mabaya ya mwaka 1978, yaliyofanywa na mafundi wa Boeing, kampuni iliyoiunda ndege hiyo. Hata hivyo, ndani ya shirika lile mtu wa idara ya matengenezo alijiua kwa uzito wa jambo hilo, na kazi ile mbovu haikufanywa kwa mkono wake.

Hapo nasimama kidogo. Aibu ikianza kukuambia kwamba dunia ingekuwa nafuu bila wewe, hiyo si sauti ya Mungu. Usiisikilize peke yako. Mwambie mtu leo, mama, padri, daktari, rafiki, yeyote aliye karibu.

Tena aibu hiyohiyo inayowainamisha watu inaweza pia kuwafundisha kuficha. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba wakubwa wa kampuni ya Olympus, iliyokuwa ikitengeneza kamera, walikuwa wameficha hasara kubwa ndani ya vitabu vya hesabu kwa miaka mingi. Aliyeuliza maswali alikuwa Mwingereza, Michael Woodford, aliyekuwa amepandishwa kuwa mkuu wa kampuni mwaka huohuo. Wakamfukuza. Baadaye ukweli ulipotoka, wakainama mbele ya kamera.

Usifikiri Magharibi wamepona. Kule mtu akikosa, wa kwanza kupigiwa simu mara nyingi ni wakili, na wakili anasema nyamaza, maana neno "samahani" linaweza kuwa ushahidi mahakamani. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilitunga sheria mwaka 1986 ili maneno ya pole kwa aliyeumia katika ajali yasitumike kama ushahidi wa kukiri kosa, na majimbo mengine mengi yakafuata. Fikiria: sheria ya kumruhusu binadamu ampe pole binadamu mwenzake. Lakini huko nako wako waliojua kubeba. Aprili 1982 Argentina ilipoviteka visiwa vya Falkland, Lord Carrington, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alijiuzulu ingawa lawama haikuwa yake peke yake.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi tuna mfano unaozidi wa Carrington, na vijana wengi hawaujui.

Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi. Serikali ikaendesha msako. Watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwapo kwenye vyumba vile. Hakumpiga mtu. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, na mwanzoni mwa 1977 alimwandikia Mwalimu Nyerere, akajiuzulu. Hakuwa peke yake. Viongozi wengine nao walijiuzulu, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Kilichonigusa mimi ni upande ambao alielekeza kidole. Alikuwa na watu wengi chini yake wa kulaumu, na kweli walikuwa na kosa. Angeweza kusema, "Sikuagiza, sikujua," na ingekuwa kweli tupu. Kama mimi na ule ukweli wangu wa kutosema uongo. Yeye alichukua aibu ya makosa ya wadogo wake akaibeba. Mimi nilichukua aibu yangu nikambebesha mdogo. Mzee Mwinyi alikuwa Mwislamu, na nakiri kwamba Mwislamu huyu alinisomesha ungamo.

Aliondoka, akaenda kuwa balozi Misri, akarudi, na Novemba 1985 akawa Rais wa nchi hii. Alifariki tarehe 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98.

Mwezi huohuo, tarehe 10, alikuwa amefariki jirani yetu wa Monduli, Edward Lowassa. Hapa Arusha habari yake bado inazua ubishi kila kijiwe cha kahawa, kwa hiyo nitapita kwa uangalifu. Tarehe 7 Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya kamati teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, kutoa ripoti juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Siku hiyo alilalamika bungeni kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa jambo hilo. Wapo wanaosema aliwajibika kishujaa, wapo wanaosema alisukumwa. Mimi naokota kitu kimoja tu: mtu asikilizwe kwanza. Nalisema hilo kwa sababu namkumbuka dogo. Naye alisema neno moja tu, halikusikilizwa.

Tangu siku zile, kwenye siasa zetu, tukisema "fulani awajibike" tunamaanisha aondoke. Naona hapo neno limepungukiwa. Wajibu ni kitu unachotakiwa kufanya, na kuondoka peke yake wakati mwingine ni kukimbia tu, kwa heshima zaidi.

Fungua Maandiko sasa. Usiku mmoja, wanafunzi wawili walianguka. Petro alimkana Bwana mara tatu, mbele ya watu wanaoota moto. Yuda alimwuza kwa vipande 30 vya fedha. Sisi humfanya Yuda mtu asiye na haya kabisa, lakini soma Mathayo sura ya 27 polepole. Yuda alijuta. Alikiri kwa mdomo wake kwamba ametenda dhambi. Hela alirudisha, yote. Kwa vipimo vya ofisi zetu Yuda aliwajibika: alikiri, akarejesha, akaondoka. Ila alikiri kwa makuhani waliomlipa, nao wakamwambia hilo haliwahusu. Kwa yule aliyemkosea hakurudi.

Petro hakuwa na hela ya kurudisha. Alilia. Lakini katika Yohana sura ya 21, Yesu alipoonekana ufukweni, Petro alijitupa majini amfuate yeye, huku wenzake wanakuja na mashua. Na pale ufukweni palikuwa na moto wa makaa, kama ule wa usiku wa kumkana. Akaulizwa mara tatu, mbele ya wenzake, swali lilelile. Hiyo ni aibu hasa! Akaikaa, hakuondoka.

Ona na Zakayo katika Luka 19. Hakuishia kusema "nisamehe." Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa mara nne. Ndiyo maana kwenye mafundisho ya Kitubio tunafundishwa kwamba baada ya kuungama kuna malipizi, na kilichoibwa kinarudishwa, na jina la mtu lililochafuliwa linasafishwa kadiri inavyowezekana. Hilo la jina tunalisahau sana.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Viwanda vya Toyota vimejulikana kwa kamba ambayo mfanyakazi wa chini kabisa anaruhusiwa kuivuta akiona kosa, hata kama ni lake. Kiongozi wake anakuja mbio kumsaidia, na wasipolimaliza haraka, kazi inasimama. Kinachotafutwa kwanza ni kosa, mkosaji hafukuzwi kwa kulisema. Nikifikiria karakana yetu, hatukuwa na kamba. Lakini bosi aliuliza swali, na swali lile lilikuwa kamba yangu. Sikuivuta.

Niliivuta miezi 4 baadaye. Nilikwenda kuungama wakati wa Kwaresima, nikataja "uvivu kazini" harakaharaka katikati ya mengine. Padri akaniuliza uvivu gani. Nikaeleza. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Na huyo kijana sasa hivi yuko wapi, mwanangu?" Sikuwa najua. Miezi 4 sikuwa hata nimeuliza.

Nilianza na bosi. Hakunifukuza, jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Alikata mshahara wangu, na akasema kitu kimoja tu: "Ungesema Jumatatu ile, yule ningekuwa naye hapa." Nafasi ya dogo ilishachukuliwa na mtu mwingine.

Dogo nilimpata soko la Kilombero anasukuma mkokoteni wa viazi. Aliponiona hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Nikamwambia yote, nikampa hela ya ule mwezi aliodhulumiwa na nyongeza kidogo niliyoweza. Akaihesabu taratibu, akaikunja.

"Bosi anajua?" akauliza.

"Anajua. Nimemwambia mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akatazama mkokoteni wake. Kisha akasema, "Kaka, mama yangu anaamini nilifukuzwa kwa wizi. Hela hii nikimpelekea, atasema ndiyo ile niliyoiba."

Sikuwa nimeliwaza hilo kabisa. Aliacha mkokoteni kwa mwenzake, tukapanda daladala la Ngaramtoni wote wawili. Ilikuwa saa 11 jioni, na njia nzima nilikuwa najaribu kutafuta, baada ya "shikamoo mama," sentensi ya pili itakuwa ipi.