TULE KINACHOZAA KWETU



Katika Suratul An'aam, aya ya 141, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mazao yanapozaa, akaamuru haki yake itolewe siku ya kuvuna, akakataza israfu.

Tuangalie soko letu la Oicha. Maharagi mapya huiva upesi. Yaliyokaa ghalani miezi mingi hula makala mengi, na makala ni miti. Sombe ikitwangwa na kuchemshwa sana (mbichi ina sumu), ikatiwa mawese mekundu, huwapa watoto vitamini A ya macho. Wali mtupu, hata wa mchele mweupe wa kutoka Asia, hauna hiyo.

Tangu mwaka 2014 mauaji yamewatoa wengi mashambani, upande wa Mbau na Eringeti. Anayenunua cha mbali kwa kukosa, hana lawama. Lakini mwenye kiwanja asikijaze kakao mpaka mlangoni. Kakao huleta pesa, ila barabara ikifungwa haipikwi. Aache nafasi ya lengalenga na migomba michache. Mboga hazina zaka kwa wanazuoni wengi. Hata hivyo, akivuna, amtolee jirani mkimbizi fungu lake kabla ya kupeleka sokoni.