SOMO LA ROBO HII: Kunyanyua Vitu Vizito na Kujithamini



Katika toleo hili tumechagua somo ambalo huenda baadhi yenu mtalishangaa, yaani mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, na jinsi yanavyoweza kumsaidia mtu kujipenda na kujiamini. Nilipolitaja kwa mara ya kwanza katika kikao, mzee mmoja wa kamati aliniuliza, "Mwalimu, fedha za vijana tununulie vyuma? Tunataka kuandaa mabaunsa?" Watu walicheka, na mimi nilicheka pia. Hata hivyo swali lile ni la haki, hasa kwa watu wanaotunza sadaka za wengine, na linahitaji jibu.

Kwa miaka mingi tumefundisha kujiamini kwa semina. Tunaandaa ukumbi, karatasi za manila, kalamu za rangi na soda. Tunamwambia binti, "Wewe ni wa thamani," naye anapiga makofi pamoja na wenzake. Baada ya miezi miwili unamkuta kisimani, anaongea huku amejiziba mdomo kwa kanga na macho yako chini kama mwanzo. Sisemi kwamba semina ni bure. Maneno tuliyomwambia ni ya kweli, lakini ni maneno yetu. Yeye mwenyewe bado hajapata ushahidi wake.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza jambo hili mwaka 1977. Alisema imani ya mtu katika uwezo wake hutoka katika mambo manne: yale aliyokwisha kuyafanya mwenyewe, kuwaona wenzake wakifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia zake. Kati ya hayo manne, lenye nguvu kuliko yote ni lile la kwanza. Semina zetu zimejaa lile la tatu.

Ndoo ya maji na dumu la mazoezi

Mama mmoja aliniambia, "Sisi tunabeba kila siku, mbona hatujiamini?" Hoja yake ilinifanya nifikiri sana. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na wanawake wetu huitwika kichwani mara kadhaa kwa siku. Kama uzito peke yake ungejenga kujiamini, kijiji kizima kingetawaliwa na wachota maji.

Tofauti ni hii. Ndoo haikuchaguliwa. Haina siku ya kupumzika, hakuna anayehesabu, na leo ni ileile ya mwaka jana. Mazoezi ni kinyume chake. Mtu anachagua uzito anaoumudu, anauinua kwa mpangilio, anapumzika, na baada ya muda anaongeza kidogo. Tena anaandika. Binti aliyeanza na dumu lenye lita mbili na sasa anainua lenye lita tano ameongeza kilo tatu. Hakuna aliyemsifia ili kumfurahisha. Yameandikwa katika daftari lake kwa mkono wake mwenyewe.

Na hapa kuna jambo zuri ambalo wengi hawalijui. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka haraka kuliko ukubwa wa misuli. Ubongo na mishipa ya fahamu hujifunza kwanza kuamsha sehemu kubwa zaidi ya misuli kwa pamoja; misuli yenyewe hunenepa baadaye. Kwa hiyo mtu huona anachoweza kufanya kabla kioo hakijaonyesha badiliko lolote. Kwa kijana anayeuchukia mwili wake kwa jinsi unavyoonekana, mpangilio huo ni msaada mkubwa. Anaanza kuuthamini kwa kazi yake. Halafu anagundua kwamba asipokula na asipolala, dumu halipandi. Binti aliyezoea kula wa mwisho sufuria likiwa tupu sasa ana sababu ya kuuliza kama maharage yamebaki. Kwangu mimi huko ndiko kujipenda, na sikuwahi kukufundisha vizuri kwa karatasi ya manila.

Si ya vijana wenye vifua tu

Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha taarifa juu ya wazee dhaifu kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Walifanya mazoezi ya uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha fimbo zao za kutembelea. Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa majaribio 33 yaliyohusu watu zaidi ya 1,800, ukaonyesha kwamba mazoezi ya aina hii hupunguza dalili za huzuni nzito, hata kwa wale ambao nguvu zao hazikuongezeka sana.

Watu wenye ulemavu wa miguu nao wana mchezo wao. Mnyanyuaji hulala chali juu ya benchi, hushusha chuma hadi kifuani, kisha hukisukuma juu. Wanawake waliingizwa katika mchezo huo kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Jirani yetu Hellen Wawira wa Kenya alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022. Parokia ambayo bado inamweka mlemavu mlangoni kama mtu wa kuombewa na kupewa sabuni itafakari habari hiyo.

Gharama na tahadhari

Wafadhili wetu watauliza bei. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kikombe cha robo lita ni gramu 250. Hivyo dumu tupu la mafuta ya kula ni mzani na chuma kwa pamoja. Vijana wa mitaani hutengeneza vyuma vyao kwa bomba na makopo yaliyojazwa saruji. Linalogharimu zaidi ni mwalimu anayejua kusahihisha mgongo uliopinda, na hapo tusibanie. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Siku mbili zinatosha kabisa kuanzia.

Mwenye shinikizo la damu, maumivu ya mgongo au ujauzito aonane kwanza na mhudumu wa afya. Mtu asibane pumzi anapoinua, wala asilale chini ya chuma kizito akiwa peke yake. Dawa za kutunisha misuli zipigwe marufuku siku ya kwanza, kwani huharibu moyo na ini na kupunguza uwezo wa kuzaa. Aidha, ondoeni vioo. Nimeona vijana walioanza kwa kutafuta nguvu wakaishia kujipima mikono kwa utepe kila asubuhi, wakijichukia kuliko walipoanza.

Maswali kwa ajili ya kamati

Katika shughuli zetu za vijana, ni ipi inayompa kijana kitu cha kuhesabu mwenyewe?

Nani parokiani kwetu hajawahi kuonekana katika shughuli hizo, na je, ukumbi wetu una ngazi ngapi mlangoni?

Kama akina mama wangetaka kufanya mazoezi haya Jumanne na Ijumaa, nani angechota maji siku hizo?