KWA NINI HIFADHIDATA HUCHELEWA: UCHUNGUZI NA TIBA YAKE

Utangulizi

Mgonjwa afikapo kwenye dirisha la mapokezi na kutaja namba ya kadi yake, karani huiandika katika kompyuta, kisha hungoja. Kumbukumbu zikitokea papo hapo, foleni husonga. Zikikawia, foleni hurefuka hadi uani, na mama aliyebeba mtoto mwenye homa huendelea kusimama. Hapo kauli husikika mara moja: mtambo umechoka, ununuliwe mwingine.

Mara nyingi kauli hiyo si sahihi. Kompyuta haichoki kama ng'ombe wa jembe. Ikiwa haijaharibika, kasi yake ya leo ni ileile ya siku ilipofungwa. Kilichobadilika ni wingi wa kazi, au njia ya kuifanya. Fedha zikitumika kununua mtambo mpya kabla ya chanzo kujulikana, huenda foleni ikarudi baada ya miezi michache, na fedha zimekwisha.

Makala haya yanaeleza kanuni za kupima na kurekebisha kasi ya hifadhidata. Mfano wa hospitali ni wa kubuni kwa ajili ya somo, lakini hesabu zake zinafuata tabia halisi ya mitambo.

Hifadhidata na seva

Hifadhidata ni mkusanyo wa taarifa uliopangwa ili taarifa yoyote iweze kupatikana, kuongezwa au kusahihishwa. Mpango unaotumika zaidi ni ule wa majedwali yenye safu, uliopendekezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM. Seva ni kompyuta inayotunza majedwali hayo na kuzihudumia kompyuta nyingine. Ndani yake hufanya kazi programu ya kusimamia hifadhidata. Mojawapo ni PostgreSQL, ambayo asili yake ni mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Kila ombi linaloletwa kwa seva hutumia prosesa, kumbukumbu ya ndani, diski na mtandao. Kimoja kati ya hivyo kikielemewa, vingine hukaa vikikingoja.

Umbali kati ya kumbukumbu na diski

Diski ya sumaku izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani, taarifa inayotakiwa hufika chini ya kichwa cha kusomea baada ya nusu mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Ukiongezwa muda wa mkono kusogea, jumla hukaribia milisekunde 10. Kusoma kutoka kumbukumbu ya ndani huchukua takriban milisekunde 0.0001 tu.

Tofauti ni mara 100,000. Kama kusoma kutoka kumbukumbu kungechukua sekunde moja, kusoma kutoka diski kungechukua zaidi ya siku nzima, usiku na mchana. Diski mpya zisizozunguka zimepunguza muda huo hadi karibu milisekunde 0.1, lakini hata hizo huachwa nyuma na kumbukumbu kwa takriban mara 1,000. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi ni hili: ombi hili linalazimisha diski isomwe mara ngapi?

Kuitafuta kadi moja

Ichukuliwe kwamba hospitali ina kumbukumbu 1,000,000 za wagonjwa, kila moja ikiwa na baiti 400. PostgreSQL husoma diski kwa kurasa za baiti 8,192, hivyo ukurasa mmoja huchukua kumbukumbu 20, na jedwali zima lina kurasa 50,000, yaani takriban megabaiti 400.

Ikiwa jedwali halina faharasa, programu haina budi kulipitia lote, ukurasa baada ya ukurasa. Diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji sekunde 4 kumpata mgonjwa mmoja.

Faharasa hubadili njia. Muundo unaotumika sana ni mti-B, ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight wa kampuni ya Boeing walichapisha maelezo yake mwaka 1972. Mti huo una shina, matawi na majani. Kila ukurasa wake una namba zilizopangwa kwa utaratibu, na kila namba huelekeza kwenye ukurasa wa chini yake. Tuseme ukurasa mmoja hubeba namba 200. Ngazi tatu zitatosha namba 200 × 200 × 200, yaani 8,000,000. Basi kurasa tatu za faharasa na ukurasa mmoja wa jedwali zinatosha kumpata mgonjwa. Kurasa nne kwa milisekunde 10 kila moja ni milisekunde 40, au sekunde 0.04. Kazi imepungua mara mia, na mtambo ni uleule.

Kwa nini foleni hurefuka ghafla

Uchunguzi wa kihisabati wa foleni ulianza katika simu. A. K. Erlang wa Copenhagen alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya jambo hilo mwaka 1909. Maombi yakifika bila mpangilio, na muda wa kuyahudumia ukibadilikabadilika, wastani wa muda wote wa ombi moja unaweza kukadiriwa hivi:

W = S ÷ (1 − U)

S ni muda wa huduma yenyewe, na U ni sehemu ya muda ambayo mtambo una kazi. Ikiwa ombi moja hufika kila baada ya sekunde 5 kwa wastani, na moja tu huhudumiwa kwa wakati mmoja, matokeo ni haya:

Hali ya sasa: S = 4; U = 0.8; W = sekunde 20.
Kumbukumbu zimeongezeka kwa thumni: S = 4.5; U = 0.9; W = sekunde 45.
Mtambo mpya wenye kasi maradufu: S = 2; U = 0.4; W = sekunde 3.3.
Mtambo wa zamani wenye faharasa: S = 0.04; U = 0.008; W = sekunde 0.04.

Mstari wa pili unastahili kutazamwa kwa makini. Kumbukumbu zimeongezeka kidogo, lakini kungoja kumezidi maradufu. Ndiyo sababu watumiaji husema kwamba jana mtambo ulikuwa mzima na leo ni mgonjwa. Mstari wa tatu na wa nne huonyesha kwamba mtambo wa gharama umeshindwa na amri moja ya kutengeneza faharasa.

Mipaka ya faharasa

Faharasa si dawa ya kila maradhi. Kila kumbukumbu mpya iandikwapo, faharasa zote zinazohusika nazo huandikwa upya. Jedwali lenye faharasa kumi husomwa upesi na kuandikwa polepole.

Tena, faharasa husaidia pale tu swali linapofuata utaratibu wake. Kamusi humwezesha msomaji kuyapata kwa haraka maneno yote yaanzayo na "pig-". Akitaka maneno yote yaishiayo na "-ana", itambidi asome kamusi nzima. Vivyo hivyo, karani atafutaye jina kwa herufi zake za mwisho hupata hasara ileile ya kupitia jedwali lote, ingawa faharasa ya majina ipo.

Kufuli na mikwamo

Wakati mwingine prosesa imetulia, diski iko kimya, na bado watu wanangoja. Dalili hii huelekeza kwenye kufuli. Anayesahihisha kumbukumbu huifungia ili mwingine asiisahihishe wakati huohuo. Programu ikiacha kazi hiyo wazi karani akaenda kunywa chai, wote wanaotaka kuisahihisha kumbukumbu hiyo watamngoja.

Hali mbaya zaidi ni mkwamo. Wa kwanza ameshika kumbukumbu A na anaitaka B. Wa pili ameshika B na anaitaka A. Hakuna awezaye kuendelea. PostgreSQL, isipobadilishwa mpangilio, huchunguza mkwamo baada ya sekunde moja ya kungoja, kisha huifuta kazi moja ili nyingine ipite. Kinga yake ni kazi fupi, na kumbukumbu kufungwa daima kwa utaratibu mmoja.

Utaratibu wa uchunguzi

1. Dalili ielezwe kwa namba. "Ni polepole" si kipimo. "Sekunde 20 saa nne asubuhi" ni kipimo.
2. Ombi lenye kula muda mwingi kwa jumla litafutwe. Ombi la sekunde moja lifanywalo mara 5,000 huzidi ombi la dakika kumi lifanywalo mara moja.
3. Programu iulizwe njia iliyofuata. Katika PostgreSQL amri ya EXPLAIN ANALYZE hulitekeleza ombi na kuonyesha kama jedwali lilipitiwa lote au faharasa ilitumika.
4. Dhana moja itungwe, na jambo moja tu libadilishwe.
5. Kipimo kirudiwe katika hali ileile. Kama hakuna nafuu, badiliko liondolewe.

Mwalimu ataona kwamba hatua hizi ni zilezile za jaribio la fizikia au kemia maabarani. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja huenda akapata nafuu, lakini hatajua kilichoileta, na tatizo likirudi ataanza upya. Mtambo mpya ununuliwe pale vipimo vinapothibitisha kwamba kazi iliyobaki ni ya lazima na uwezo uliopo hautoshi.

Maswali

1. Diski huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Tafuta muda wa nusu mzunguko.
2. Ukurasa wa faharasa hubeba namba 100. Ngazi ngapi zinahitajika kwa kumbukumbu 1,000,000?
3. Ombi hufika kila baada ya sekunde 5, na S ni sekunde 3. Tafuta U na W.
4. Eleza kwa nini kanuni ya foleni haiwezi kutumika U inapofikia 1.

Majibu: (1) milisekunde 5.6; (2) ngazi 3; (3) U = 0.6, W = sekunde 7.5, (4) kigawanyo huwa sifuri: kazi huingia kwa kasi ileile inayoweza kumalizwa, muda wowote uliopotea haufidiwi, na foleni huzidi kurefuka.